Kufuli la Chumba Namba Nne: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Nyumba

Kwenu Waheshimiwa wenye dhamana ya ardhi, nyumba na makazi, wa wizarani, wa mkoa na wa Jiji la Dodoma,

Kwa heshima na taadhima nawasalimu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, mkazi wa Nkuhungu. Nyuma ya nyumba ninayoishi nina vyumba sita vya kupangisha: vinne vya kawaida vyenye choo cha kuchangia, na viwili vya chumba na sebule. Ndivyo vinavyonilisha na kumsomesha mjukuu wangu.

Nilianza kuvijenga nikiwa bado kazini. Mkopo wa kikoba uliishia kwenye tofali, posho ya kusimamia mitihani ikaishia kwenye saruji. Mafao yalipotoka nikaezeka. Wakati huo, mwaka 2016, Serikali ilikuwa imetangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, na kila mtu mwenye kiwanja alikuwa anachimba msingi. Mwaka uliofuata CDA, mamlaka iliyokuwa ikiustawisha mji, ikavunjwa, 2018 tukawa Jiji, na watu wakaanza kumiminika. Niliamini nimepanda mti wa kivuli cha uzeeni. Sijutii. Lakini nimejifunza mambo ambayo naona hamjapata kuyasikia kutoka kwa mtu wa vyumba sita, maana kwenye mikutano ya sekta ya nyumba wanaoitwa ni wenye maghorofa na mashirika.

Naandika kwa sababu ya jambo moja. Kati yangu na mpangaji wangu hakuna kitu ambacho wote wawili tunaweza kukishika mkononi tukasema hiki ndicho kinachotuongoza. Tukikosana, hakuna mlango wa karibu wa kubisha tukaamuliwa kabla mwezi haujaisha. Kodi ya miezi sita mbele, ugomvi wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, maneno ya madalali, mlango kung'olewa, vyote vinaota hapo.

Naomba niwasimulie habari ya chumba namba nne.

Kijana aliyekuwa anakaa humo aliletwa na dalali jioni moja, begi mgongoni, godoro la futi tatu na nusu limefungwa juu ya bodaboda. Saidia fundi, anafanya kazi kwenye majengo upande wa Ihumwa. Mpole. Shikamoo yake hainipiti asubuhi, na uwanja anafagia bila kuambiwa. Kodi ni shilingi 45,000 kwa mwezi. Majirani zangu wanadai miezi sita, yeye aliomba alipe mitatu, nikakubali. Dalali akachukua yake ya mwezi mmoja, akaondoka, na tangu hapo sijamtia machoni. Mkataba tuliuandika kwenye karatasi ya daftari: jina, tarehe, kiasi, sahihi mbili. Basi.

Miezi mitatu ikaisha. Wa nne akaniambia, mama, aliyetupa kazi hajatulipa, nivumilie. Wa tano vilevile. Nimefundisha watoto zaidi ya miaka thelathini, uso wa mtu anayedanganya naujua, na yule hakuwa anadanganya. Mwezi wa sita ukiwa mwishoni nikaamka asubuhi nikakuta kufuli la njano linaning'inia mlangoni na mwenyewe hayupo. Napiga simu, haipatikani.

Kufuli lile lilikaa pale miezi minne.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaniambia, mwalimu, usivunje. Ukivunja na kitu kikapotea, wewe ndiye utakayeitwa mwizi. Mtendaji naye akanishauri nimwandikie notisi ya maandishi. Niliiandika, nikaibandika mlangoni kwa gundi ya unga, upepo wa Dodoma ukaichukua siku ya pili. Nikaibandika tena. Hata kama ingekaa, angeisoma nani?

Nikaulizia habari za baraza. Nikaelezwa kuwa tangu sheria irekebishwe mwaka 2021, Baraza la Kata kazi yake ni kupatanisha, uamuzi hauko tena mikononi mwake. Kupatanisha kunataka watu wawili, na mimi nilikuwa peke yangu na kufuli. Anayetaka uamuzi aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nikakaa chini na kalamu nikapiga hesabu: ada ya kufungua shauri, mtu wa kuniandikia madai, nauli, siku za kuhudhuria, na wito wa kumpelekea mtu nisiyejua alipo. Deni lenyewe siku hiyo lilikuwa shilingi 135,000. Kesi ingelimeza deni lote na bado ingenidai.

Naomba mnielewe hapa. Silalamikii baraza lolote, wala sikulifikia. Nasema tu kwamba ngazi ya kwanza yenye mamlaka ya kuamua iko juu kiasi ambacho mtu mwenye mgogoro wa laki moja na nusu haipandi. Anarudi nyumbani. Wengine wanarudi na nyundo.

Mwisho tulifungua. Tulikuwa watano: mwenyekiti, mjumbe, jirani mmoja, fundi wa vitasa na mimi. Ndani godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba vizuri, kando yake mtungi mdogo wa gesi na ndoo mbili. Ukutani kulikuwa na msumari, na kwenye msumari mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani ya mfuko mlikuwa na cheti chake cha kidato cha nne. Vumbi lilikuwa limepita chini ya mlango likafunika kila kitu, ila kile cheti kilikuwa safi kama siku kilipotolewa. Tukaorodhesha vitu kimoja kimoja, tukaweka sahihi zetu zote. Cheti nikakiweka kwenye sanduku langu la nguo, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa heshima.

Wiki tatu baadaye ukaingia ujumbe kwa namba ngeni. Mama shikamoo, naomba usitupe vitu vyangu, nilianguka kazini, niko kwetu Kondoa. Nilimpigia tukaongea, na nilipokata simu nililia. Alimtuma binamu yake, nikamkabidhi vitu vyote, cheti mkononi, akasaini. Deni nilisamehe nusu. Nusu nyingine analipa kidogo kidogo, na bado ananiita mama.

Sasa tazameni, Waheshimiwa. Hapakuwa na mbaya katika habari hii. Yeye aliondoka akiwa ameumia, akiogopa kunipigia kwa sababu hakujua kama deni la kodi linamfanya mhalifu. Mimi nilipoteza kodi ya miezi saba nikiogopa kufungua mlango wa chumba nilichojenga mwenyewe. Kama kungekuwa na karatasi moja iliyosema chumba kikifungwa na mpangaji akatoweka, baada ya siku kadhaa kifunguliwe mbele ya nani, vitu vihifadhiwe wapi na kwa muda gani, sote wawili tungelala usingizi.

Mtaniambia sheria ipo. Ipo, ndiyo. Sheria ya Ardhi ya 1999 ina sehemu nzima ya upangishaji, yenye notisi na haki za pande zote mbili. Kijana wa mtaani aliniprintia, nikajitahidi kuisoma, na mimi Kiingereza nimekisoma. Imeandikwa kwa ajili ya mawakili na mikataba ya miaka mingi. Ya chumba chenye choo cha kuchangia sikuyaona. Kabla ya hapo tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Pango ya mwaka 1984, iliyofutwa mwaka 2005. Siombi irudishwe, kwa sababu kumpangia mwenye nyumba bei ilhali bei ya bati na nondo haipangwi ni kumwambia asikarabati. Lakini ilipofutwa, pengo lake kwa watu wa chini halikuzibwa. Tumekaa hivi miaka zaidi ya ishirini. Na mwaka 2021 Bunge, lililo hapa hapa Dodoma, lilipitisha kuwa lugha ya sheria zetu iwe Kiswahili. Hapo ndipo pa kuanzia.

Nije kwenye miezi sita, maana najua ndiyo inayowasumbua wapangaji na ndiyo viongozi wanayotukemea majukwaani. Mwenye nyumba anayedai miezi sita au mwaka, mara nyingi hadai kwa sababu ya uroho. Anadai kwa sababu anajua mpangaji akigoma kulipa hana pa kumpeleka, kwa hiyo anajikinga mwanzoni. Kijana anayeanza kazi anabeba mzigo huo: miezi sita, mwezi wa dalali, kitanda, sufuria, vyote siku moja. Wengi wanakopa mikopo ya simu. Mimi nawaambia wazi, nipeni mahali pa kuamuliwa ndani ya siku thelathini na nitapokea kodi mwezi kwa mwezi kuanzia kesho. Nimewauliza wenzangu kumi na mmoja wa mtaa wetu kwenye kikoba. Tisa wamesema hivyohivyo. Kukemea peke yake hakutoshi, kwa sababu hofu haiondoki kwa kukemewa.

Wapo wenzetu wanaofanya mambo ya aibu. Wanang'oa mlango mpangaji akiwa kazini, wanaezua bati, wanamkatia maji mama mwenye mtoto mchanga. Wapo wanaopandisha kodi ghafla Bunge la bajeti likikaribia mwezi wa nne, wakijua wageni wanakuja. Siwatetei. Nataka mpangaji wa mtu kama huyo naye awe na mahali pa kwenda asubuhi hiyo hiyo, akiwa na karatasi mkononi.

LUKU nayo ina yake. Kwangu kuna mita moja. Jikoni tumetundika daftari kwenye msumari, kila anayenunua umeme anaandika jina, tarehe na kiasi. Nilidhani daftari litaleta amani, na kwa siku nyingi za mwezi linaleta, isipokuwa mwanzoni. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, zamani shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Mpangaji wa kwanza kununua umeme mwezi ukianza ndiye anayekatwa. Dada mmoja anayeuza vitumbua alinunua wa shilingi 2,000 saa moja usiku, uniti zikaja za shilingi 500. Alikuja mlangoni kwangu na ile meseji, anatetemeka, anadhani nimemwibia. Nilimrudishia 1,500 palepale, kwa sababu kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Lakini ni wenye nyumba wangapi wanaorudisha? Na ni wapangaji wangapi wanaojua kuwa wana haki ya kurudishiwa au kukata kwenye kodi ya chumba?

Bei ya uniti nayo inawaumiza bila wao kujua. Kwa viwango vilivyopangwa 2016, mteja mdogo wa daraja la D1 anauziwa uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, kabla ya kodi na tozo. Ni huruma ya Serikali kwa kaya maskini, na ni jambo jema. Ila kaya saba zikiwa kwenye mita moja, uniti 75 zinaisha kabla ya tarehe kumi, na nyumba inawekwa daraja la T1, shilingi 292 kwa uniti. Mlinzi anayewasha taa moja na kuchaji simu ananunua umeme kwa bei karibu mara tatu ya ile iliyokusudiwa mtu wa hali yake, kwa sababu tu amepanga chumba. Kuvuta mita nyingine mjini ni zaidi ya laki tatu. Kwa vyumba sita ni karibu milioni mbili, na mimi sina. Ningepewa nafasi ya kulipa kidogo kidogo ningevuta, hata mita moja kwa mwaka.

Kuhusu kodi ya mapato sitasema mengi. Nalipa, na nitaendelea kulipa. Lakini utaratibu unaotaka mpangaji akate asilimia 10 ya kodi ya chumba na kuiwasilisha mwenyewe uliwekwa bila kumfikiria mpangaji wa chumba cha 45,000. Hajui, hana muda, na ukimweleza anadhani unamtafutia visa. Tena asilimia hiyo inahesabiwa kwenye kodi yote, hata ile iliyoishia kwenye matengenezo. Vyumba vyangu vikijaa napata 340,000 kwa mwezi, na havijai mwaka mzima, kwa sababu wanafunzi wa chuo hufunga virago mwezi wa saba. Masika shimo la choo linafurika, gari la kunyonya ni 120,000. Maji yetu yana chumvi, yanakula koki, kila baada ya miezi michache fundi bomba yuko uani. Rangi, kitasa, bati lililochukuliwa na upepo. Mkikaa kupanga viwango, naomba mtenge sehemu ya matengenezo kwa mwenye vyumba vichache, bila kumtaka awe na mhasibu.

Ninachoomba basi ni hiki. Wizara iandae mkataba wa kupanga chumba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha sokoni, upatikane bure kwenye kila ofisi ya mtaa kuanzia Chang'ombe hadi Nzuguni. Useme kodi ni kiasi gani na inalipwa lini, LUKU na maji vinagawanywaje, ile 1,500 ni ya nani, nani anatengeneza nini, notisi ni siku ngapi kwa kila upande, na chumba kikiachwa kimefungwa tufanyeje. Mtendaji agonge muhuri na abaki na nakala, ili siku karatasi zetu zikiliwa na mchwa ya kwake iwepo. Kisha, kwa madeni madogo ya pango, ngazi ya kata ipewe tena mamlaka ya kuamua, yenye ukomo wa kiasi na ukomo wa siku, na rufaa ibaki wilayani kwa asiyeridhika. Najua mamlaka hayo yaliondolewa kwa sababu. Mabaraza yale yalikuwa yanaamua migogoro ya mashamba na viwanja bila wanasheria, na watu waliumia. Kodi ya chumba ni jambo jingine. Hapo hakuna anayepokonywa ardhi. Swali ni kama fulani amelipa au hajalipa, na jirani zake wanajua jibu.

Na madalali waandikishwe. Ofisi ya mtaa iwe na majina na picha zao. Sitaongeza hapo.

Tunasikia kwa miaka kuwa sheria ya kusimamia biashara ya nyumba inaandaliwa. Ikija, naomba isije ikiwa imeandikwa kwa ajili ya mwenye ghorofa la kule Kisasa au Iyumbu peke yake. Mhudumu anayewapikia chai kule Mtumba, kwenye ofisi za wizara, dereva wa bodaboda anayewawahisha kikaoni, askari anayelinda geti, wanalala kwenye vyumba kama vyangu. Mji huu wa Serikali umelala kwenye vyumba hivi tangu mlipohamia, na waliovijenga ni walimu, manesi, wauza mbogamboga na wakulima wa zabibu waliouza ekari yao moja. Tuiteni kwenye hicho kikao. Mimi nitakuja kwa miguu yangu.

Chumba namba nne kimepata mtu. Ni binti, karani, anaingia tarehe moja. Jana usiku nimekaa mezani nimeandika mkataba wake kwa mkono, nakala mbili, kwenye karatasi ya daftari kama kawaida, safari hii kwa vipengele. Cha kodi nimejaza. Cha LUKU nimejaza, na nimeandika kuwa ile 1,500 ni yangu. Cha notisi nimeandika siku thelathini. Cha mwisho kinasema: "Ukitokea mgogoro baina yetu, utaamuliwa na," na hapo nimeweka nukta nukta, kwa sababu sijui niandike nini.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu, mwenye vyumba sita
Nkuhungu, Dodoma